Muulize Shangazi: Geuza blauzi ndani nje kwanza, ndo tuongee

Haya wapendwa. Mwezi uliopita nilitaja kwa mistari miwili tu ile blauzi anayovaa Rigoberta Menchú, yule mama wa Guatemala aliyepewa Nobeli ya Amani mwaka 1992, nikasema kazi yake ya mkono ni balaa, nikaendelea na mambo mengine. Kumbe nimechokoza nyuki. Meseji zimeingia kutoka Tanga mpaka Toronto, wengine wanazo kabatini wanataka kujua wamenunua nini, wengine wanataka kutengeneza za kwao, na mmoja ameshika mkasi mkononi ananisubiri nijibu. Huyo naanza naye kabla hajaharibu.

Kwa mnaouliza mimi nimeyajulia wapi haya: nilikaa Los Angeles miaka kadhaa, na mlango wa pili alikuwa anakaa mama mmoja Mmaya, yaani wenyeji wa asili wa kule Guatemala, kabila lake Mkaqchikel kabisa, wa San Antonio Aguas Calientes, karibu na mji wa Antigua. Alikuwa anafuma kibarazani kila Jumapili akitoka kanisani, na mimi nimekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa namtazama, chai imepoa. Mengi niliyonayo yametoka pale.

*Shikamoo Shangazi. Mimi fundi cherehani hapa Tanga. Mteja kaniletea blauzi ya hao Wamaya, kaletewa zawadi na mwanawe, anasema ni pana kama gunia, anataka nipunguze mabega, nichonge kiuno na nitie mikono. Kitambaa kizito kimejaa maua. Nikikate vipi kisifumuke? – Fundi, Tanga*

Marahaba mwanangu. Usikate. Weka huo mkasi kwenye droo, funga.

Hiyo nguo inaitwa huipil kwa maandishi ya Kihispania, inatamkwa wipil, mimi nitaandika wipili ili ulimi ukae sawa. Jina lenyewe asili yake ni Kinahuatl, lugha ya Waazteki, Wakaqchikel na Wak'iche', makabila ya Kimaya, wenyewe wanaiita po't. Sasa sisi mafundi tumezoea kitambaa kinatoka kwenye jora, unakata kwa kipimo cha mteja, unapiga ovaloki, maisha yanaendelea. Hii haikutoka kwenye jora. Kila kipande kimefumwa kwa saizi yake tangu uzi wa kwanza, na hebu kiangalie, pembeni kote hakuna mahali palipokatwa, mara nyingi pande zote nne zimefunga zenyewe, hazina pindo la sindano na hazihitaji.

Inawezekanaje? Chombo chenyewe ndo sababu. Usifikirie mashine kubwa ya mbao, ni fito tu na kamba. Kuna ufito wa juu unafungwa kwa kamba kwenye mti au nguzo ya nyumba, na ufito wa chini unaunganishwa na mkanda mpana unaozunguka kiuno cha mfumaji kwa nyuma. Nyuzi za mtande, zile zinazokwenda kwa urefu, zimetandazwa katikati ya fito hizo mbili. Mama anapiga magoti kwenye mkeka, akiegemea nyuma nyuzi zinakaza, akiinama mbele zinalegea, yaani mwili wake ni sehemu ya mtambo, akiinuka kwenda kuangalia sufuria hakuna mtambo tena, kuna fito zinaning'inia. Na nyuzi za mtande hazikukatwa, zinazunguka kwenye ufito wa juu zinarudi, zinazunguka wa chini zinarudi, kwa hiyo kitambaa kikiisha anachomoa fito tu na ncha hamna. Anafuma kidogo upande mmoja, anakigeuza, anaanza upande wa pili kuufuata ule wa kwanza, na pale mwisho zinapokaribia kukutana nafasi inakuwa ndogo hata fito hazipiti, anamalizia kwa sindano uzi mmoja mmoja. Ukitafuta vizuri kwenye hiyo ya mteja wako utapaona, kuna kamstari ambako ufumaji umelegea kidogo. Jirani yangu akipata nguo ya mtu mwingine anatafuta hapo kwanza, kama fundi wa nyumba anavyoangalia pembe za ukuta.

Upana nao una sababu. Kitambaa hakiwezi kuzidi pale mikono ya mfumaji inapofika, kwa hiyo wipili inatengenezwa kwa vipande viwili au vitatu vinavyoungwa pembeni kwa pembeni, na muungo wenyewe mara nyingi unapambwa kwa uzi wa rangi, wanauita randa. Shingo ndo sehemu ambayo mara nyingine mkasi hupita, na penyewe wanapazungushia utepe au mahameli.

Kwa hiyo ufanyeje? Ile "upana wa gunia" ndo umbo lake, fundi, haijakosewa. Kwao wengi wanaichomekea ndani ya sketi ya kuzungusha inayoitwa corte, halafu wanafunga mshipi mpana juu yake, kiuno kinaonekana vizuri tu. Kama mteja anang'ang'ania, fumua mshono wa pembeni kwa mkono, kunja ndani, shona kwa uzi unaofumuka kirahisi, usipitishe mkasi hata kidogo. Akisema anataka mikono mwambie Shangazi kakataa.

*Shangazi, nipo Muscat. Niliagiza mtandaoni blauzi imeandikwa ya Kimaya, imetarizwa kwa mkono, bei yake haifiki hata riali za kwenda sokoni mara mbili. Ni nzuri, inang'aa, maua yamekaa sawasawa kabisa. Nikafurahi halafu nikaanza kupata wasiwasi. Nitajuaje kama ni ya kweli? – Mpenda mitindo*

Wasiwasi wako una akili. Igeuze ndani nje. Najua kila mtu anatazama maua, mimi nakwambia tazama mgongo wa maua.

Kama upande wa ndani ni mweupe, umefifia kama gazeti lililolowa, hiyo ni printi. Picha ya wipili halisi imepigwa, ikahamishiwa kwa joto kwenye polista. Zimejaa hata masoko ya Guatemala kwenyewe, wenyewe wanaziita sublimado, na zinawauma sana wafumaji maana mtu ananunua rangi zilezile kwa bei ya sahani ya chakula. Kama ndani kuna kitambaa laini cha karatasi-karatasi kimebandikwa na nyuzi zimerukaruka toka ua moja hadi jingine, hiyo ni mashine ya kutarizi ya kompyuta. Na kama maua yote yamefanana kama mapacha, mmh.

Ila neno lililokupoteza ni hilo la kutariza. Kutariza ni kuchukua kitambaa kilichokwisha, ukaongeza ua kwa sindano. Wipili nyingi zinazosifiwa hazikutarizwa, ua limefumwa pamoja na kitambaa, wakati uleule. Tunajua kitambaa ni mtande unaoenda juu na chini na mshindio unaokatiza. Sasa mama akishapitisha mshindio mara moja au mbili, anasimama, anachukua vinyuzi vya rangi, anahesabu nyuzi za mtande kwa ncha za vidole au kijiti chenye ncha, anavipenyeza pale tu panapotakiwa ua, nyekundu mahali pake, kijani mahali pake, halafu anaushindilia mstari kwa ubao wenye makali ya kama upanga, pwa pwa, na ndo anapitisha mshindio mwingine. Ua linapanda mstari kwa mstari kama ukuta wa matofali. Vinyuzi hivyo vya rangi ni ziada, ukivichomoa vyote kitambaa kinabaki kizima, tupu.

Na hapo ndo mgongo unapoongea. Kuna mtindo ambao rangi inaonekana mbele tu, nyuma kitambaa kinabaki karibu kitupu. Kuna ambao nyuma unaona nyuzi zimelala ndefu ndefu, picha ipo ila imevurugika. Na kuna wa kwao jirani yangu, San Antonio, wanauita marcador, ambao kila kinyuzi cha rangi kinazungushwa kwenye nyuzi za mtande kiasi kwamba mbele na nyuma ni sawasawa, unaweza kuvaa upande wowote. Mara ya kwanza kunionyesha aliigeuza nguo mara tatu mbele yangu anasema, hii ni mbele, hii ni nyuma, hii ni mbele, mimi sioni tofauti, akacheka mpaka akashika ubavu. Na ua lenyewe la waridi alikuwa anahesabu kutoka kwenye kijitabu cha kutarizia kilichochakaa, cha maua ya Kizungu. Nilidhani ni siri yake, kumbe mafundi wengi wa kwao wametumia vijitabu hivyo miaka na miaka.

Lakini nisikudanganye ukaenda kutupa kitu kizuri, zipo wipili halali kabisa zinazotarizwa kwa sindano. Santiago Atitlán, kando ya ziwa, kitambaa wanafuma chenye mistari ya zambarau, halafu ndege wanatariza juu yake, ndege wengi wa rangi zote, na kazi hiyo ina heshima yake. Kosa lipo kwa muuzaji anayesema mkono wakati ni mashine.

Kuhusu bei, dada, hesabu mwenyewe. Wipili iliyojaa maua kifuani na mgongoni inakula miezi, mitatu, minne, hata zaidi kama mama ana watoto na shamba. Kama uliyonayo ina bei ya tisheti basi kuna mtu hakulipwa, au hakuna mtu aliyefuma.

*Habari Shangazi. Nipo Toronto. Kazini kuna mama wa Guatemala, juzi tupo kwenye basi akapanda mwanamke kavaa hizo blauzi, mwenzangu akaninong'oneza "yule wa Chichi." Kweli walikuwa hawajuani. Alijuaje? Ni kama kanga zetu zenye maandishi? – Mdau wa baridi*

Kanga inampiga kijembe jirani, hii inataja kwenu. Chichi ni Chichicastenango, mji wa Wak'iche', na wipili yao ya heshima huwezi kuipotea: shingo imezungukwa na miale kama jua, kuna viduara vya kitambaa cheusi vinavyong'aa vimeshonwa mbele, nyuma na mabegani, na za zamani zilifumwa kwa pamba ya kahawia ambayo haikutiwa rangi, inaota hivyo hivyo shambani, wanaiita ixcaco. Na mara nyingi utaona tai mwenye vichwa viwili.

Nenda Nebaj kwa Waixil unakuta farasi, ndege na watu wadogo wadogo wamepangana, kijani na nyekundu kwa wingi, na kichwani kilemba chenye mapambo ya nyuzi kama mipira. San Juan Comalapa tafuta ule mstari mpana mwekundu unaopita mabegani. Cobán ni kinyume cha wote, nyeupe juu ya nyeupe, kitambaa chepesi kama chandarua na picha unaziona tu ukikiinua kwenye mwanga, wanaita pikbil, mimi ukinipa nichague moja nachukua hiyo na watu watashangaa. Santiago Atitlán nimeshasema ndege zao, ila wanawake wa huko wanazungusha kichwani utepe mrefu mpaka unakuwa kama sahani, na ukipata sarafu ya senti 25 ya Guatemala igeuze, yupo mmoja wao pale.

Ukivuka mpaka kuingia Chiapas, Mexico, nako ni Wamaya, Watzotzil na Watzeltal. Huko almasi ndo inatawala, yaani umbo la pembe nne lililosimama kwenye ncha, na wafumaji wenyewe wanalisoma kama dunia na pembe zake nne na njia ya jua. Wana ushirika wao mji wa San Cristóbal de las Casas unaitwa Sna Jolobil, maana yake nyumba ya wafumaji.

Sasa kuna hadithi inazunguka kwamba wakoloni wa Kihispania ndo waliwapangia kila mji nguo yake ili wawadhibiti. Kwamba mipaka ya miji na rangi ilibadilika wakati wa ukoloni, sawa, hata hariri na sufu zilikuja na Wahispania. Ila nguo yenyewe ni ya zamani sana. British Museum pale London kuna jiwe lililokuwa juu ya mlango huko Yaxchilán, mji wa kale wa Wamaya, linaonyesha tukio la mwaka 709, mke wa mfalme kapiga magoti anajipitisha kamba ya miiba kwenye ulimi, ibada hiyo, usiniulize. Aliyechonga amehangaika na nguo yake kuliko hata uso: almasi moja baada ya nyingine mpaka pindo. Miaka mia nane na zaidi kabla Mhispania hajatia mguu.

Kutambulika nako kuna ubaya wake. Vita ya Guatemala ilianza 1960 ikaisha 1996, na miaka mibaya ya themanini mwanajeshi akikuona barabarani anajua umetoka kijiji gani kwa kukuangalia kifua tu, na kama kijiji chako kimeshaandikwa kuwa ni cha waasi basi. Wanawake wengi walivua nguo za kwao, wakavaa za mji mwingine au gauni la dukani. Jirani yangu mama yake alifukia za kwake ndani ya mtungi. Alinieleza hivyo huku anafuma, hakusimamisha mkono.

Siku hizi usimbashirie mtu haraka ukadhani umempata. Wasichana wa mjini wanavaa wipili ya mji wowote inayoendana na viatu, na rangi zinafuata fasheni, mwaka huu zambarau yote, mwaka kesho samawati. Jirani yangu alikuwa anazisema sana zile nyuzi za kung'aa za kisasa, ati zinaumiza macho. Kabatini anazo mbili.

*Shangazi, hivi wanaume wa huko wanafanya nini wakati mke anafuma miezi minne? – Kaka wa Mombasa*

Wanafuma pia, ulidhani umenibana. Mtambo wa kukanyaga kwa miguu uliletwa na Wahispania na wanaume ndo wakaushika zaidi, zile sketi za corte nyingi ni kazi yao. Salcajá kwa mfano wanafunga nyuzi mafundo mafundo kabla ya kuzitia rangi, ikija kufumwa michoro inatokea yenyewe imeyeyuka pembeni, wanaita jaspe. Kamba ya kiunoni ndo imebaki kwa wanawake. Na hata kwetu upande huu, alindi za Mogadishu zimefumwa na wanaume, kwa hiyo kaka chukua uzi.

*Shangazi mimi ni dizaina, Nairobi. Nimezipenda hizo dizaini, nataka kuziprinti kwenye kitambaa changu nitoe koleksheni. Si ni za asili, hazina mwenyewe? – Mbunifu*

Zina wenyewe, tena wamefika mahakamani.

Mwaka 2016 wafumaji wa Guatemala, wakiwa na chama cha wanawake cha AFEDES cha Sacatepéquez, walikwenda mahakama ya katiba na bungeni wakidai kwamba michoro yao inachukuliwa na makampuni bila ruhusa wala senti. Mwaka 2017 mahakama ikaliambia bunge litunge sheria ya kuilinda. Hoja yao ni nzito ukiifikiria: sheria za hakimiliki zinataka mtu mmoja mwenye jina aseme "nimebuni mimi, tarehe fulani." Sasa ua la San Antonio au tai wa Chichi nani kalibuni? Bibi, mama yake bibi, na mji mzima. Kwa hiyo wanataka jamii ndo itambulike kuwa mwenye mali.

Na wewe Mkenya ndo wa mwisho kuniuliza hilo, umesahau pale kampuni moja ya Uingereza ilipoomba kusajili neno "kikoy" liwe alama yake ya biashara, kelele zilizopigwa Nairobi na Mombasa? Tulikuwa na haki kupiga kelele. Basi.

Siyo kwamba usiguse kabisa. Unaweza kuagiza kitambaa kwenye ushirika wa wafumaji, mkakubaliana bei, ukataja mji kwenye lebo. Kinachonikera zaidi mimi ni wale wanaonunua wipili za zamani kwa bei ya kutupa kutoka kwa mama mwenye shida ya hospitali, wanazikatakata wanatengeneza pochi na viatu, kisha wanaandika "rafiki wa mazingira." Tafadhali usiingie huko.

*Nimefua yangu, nyekundu imetoka ikapaka nyeupe. Nimelia. – Mama Aisha, Dodoma*

Pole mama. Usiianike ikakauka, rangi ikikaukia ndo imekaa. Irudishe kwenye maji mengi ya baridi, badilisha maji tena na tena mpaka yatoke meupe, tone la sabuni laini tu, usiikamue kwa kusokota, ibonyeze kwenye taulo, ianike kivulini imelala. Kuna uzi ambao rangi yake haitoki, kule madukani wanauita mish, na kuna wa bei rahisi ambao unatoka hata ukiutishia. Siku nyingine kabla ya kufua lowesha kitambaa cheupe, kibonyeze juu ya ile nyekundu kwa dakika moja, kikipata rangi usiiloweke kamwe. Nguo yenye rangi za asili, nyekundu ya wale wadudu wa kwenye mpungate au buluu ya nili, nayo itunze hivyohivyo na jua usiioneshe.

*Shangazi, mimi nasuka ukili na mikeka huku Makunduchi tangu mdogo. Nikisoma habari za kamba kiunoni nahisi naweza. Nianzeje? – Msusi*

Wewe unaweza kuliko sisi wote hapa, maana ugumu siyo vidole, ni kuhesabu, na mtu wa ukili anahesabu miyaa hata akiwa anapiga soga. Tena mkeka wenu nao ni vipande vyembamba vilivyoungwa kwa sindano, utaona ndugu yake.

Anza na mkanda wa upana wa vidole vinne, usinianzie blauzi. Tafuta uzi wa pamba uliosokotwa vizuri, imara. Piga vigingi viwili chini, hatua moja toka kimoja hadi kingine, zungusha uzi kwa mtindo wa nambari nane, yaani kila mzunguko unakatizana katikati, na hapo katikati pafunge na uzi wa rangi kabla hujachomoa, ukisahau hapo umekwisha, nyuzi zitavurugika na utaanza upya. Wao wengine wanazipitisha nyuzi za mtande kwenye uji mwepesi wa mahindi ili zikauke ngumu na zisitoe manyoya, na sisi uji tunao. Tia ufito kila upande, mmoja funga kwenye mnazi, mwingine kwenye mkanda nyuma ya kiuno chini kidogo, kwenye mifupa ya nyonga, siyo kwenye nyama ya mgongo maana utalala na maumivu. Ufito wa tatu unashika nafasi ya kwanza, nusu ya nyuzi juu nusu chini. Kwa nafasi ya pili chukua zile nyuzi za chini moja moja, kila moja itie kitanzi cha uzi, vitanzi vyote vifunge kwenye kijiti, ukikiinua hicho kijiti zinapanda. Hapo una nafasi mbili za kubadilishana, pitisha mshindio, shindilia, badilisha, pitisha.

Na sasa kosa langu, ili usilirudie. Mkono wangu ulikuwa unavuta mshindio kwa nguvu kila mara, nadhani nakaza kazi, kumbe nyuzi za pembeni zinaingia ndani na kitambaa kinazidi kuwa chembamba. Jirani yangu aliniacha nikafuma saa nzima, hasemi kitu, mikono tumboni. Nilipomaliza nikamwonyesha kwa fahari, akauchukua, akaupima kwa vidole vyake mwanzo na mwisho, kisha akaanza kuufumua mstari kwa mstari huku ananiuliza habari za Dar. Nikamzuia, nikamwambia niachie hivyohivyo. Uache mshindio ulale umepinda kidogo kama upinde kabla hujaushindilia, ndo utabaki na upana wako.

Ule mkanda ninao mpaka leo, unaanzia vidole vinne unaishia viwili, nimefungia funguo za nyumba.